Moyo Uliolala Wakati wa Kutua

Nimestaafu kwa umri, kwa barua yenye muhuri, na kwa chai ya kuagwa ambayo ilikuwa imepoa kabla ya hotuba kwisha. Nalitanguliza hilo kwa sababu mjini Malindi wapo wanaodai kwamba nilifukuzwa, na wapo wanaodai kwamba niliondoka kwa aibu baada ya saa ya mkononi kuifanya kazi yangu vizuri kuliko mimi. Yote mawili si kweli. Nyinyi mliokalia kiti changu sasa mna haki ya kuyajua mambo yalivyokuwa kutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Nilikuwa mratibu wa safari katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi, hapo hapo uwanjani kwetu. Ndege zetu zilikuwa za injini moja na rubani mmoja. Zilikwenda Lamu na viwanja vidogo vya visiwani, na mara nyingine bara, kwenye kambi za watalii. Mratibu hupima abiria na mizigo, hupeleka mpango wa safari mnarani, husikiliza redio, na juu ya hayo yote hutia sahihi kwamba ndege hii na rubani huyu wanafaa kuondoka. Pasipo sahihi hiyo ndege haitoki, hata kama abiria ameghadhibika na kofia yake ya ukili imepinda kichwani.

Aliyenifundisha ni marehemu Bwana Shebe. Siku yangu ya kwanza alinikuta nikiona haya kumwambia bibi mmoja wa Kizungu apande kwenye mizani. Bwana Shebe, aliyekuwa mtu wa kimo na kitambi, akapanda yeye kwanza na kuusoma uzito wake kwa sauti ya mwadhini. "Umeona, mama?" akamwambia. "Mimi nimesomwa hadharani na sijafa." Yule bibi akacheka, akapanda. Tangu siku hiyo sikumwonea haya mtu yeyote mbele ya mizani, na nawausia nanyi msione haya. Ndege haina adabu. Uzito ukizidi haikuonei soni.

La pili alilonifundisha ni namna ya kumchunguza rubani. "Usimuulize kama yuko tayari," alisema, "atakwambia yuko tayari. Usimuulize kama amelala, atakwambia amelala. Muulize amekula nini."

"Kwa nini chakula, Bwana Shebe?"

"Kwa sababu hakuna mtu anayejiandaa kudanganya juu ya mbaazi."

La tatu, alinipandisha kwenye kiti cha mbele safari baada ya safari ili niijue pwani yetu kwa juu. Rubani akiniambia redioni anaona nini, nilipaswa kujua yuko wapi. Nikaujua mto Sabaki unavyomwaga maji mekundu baharini baada ya mvua, msitu wa Arabuko ulivyo mweusi ukilinganishwa na mashamba ya Ganda, hori la Mida lilivyotanuka kama kiganja, na huko kaskazini miraba myeupe ya mashamba ya chumvi. Ramani hiyo haihitaji betri.

Katika marubani niliowatilia sahihi, niliyemfahamu zaidi ni Kapteni Kahindi. Alizaliwa Ganze, katika nyumba ambayo maji yalifuatwa kwa mwendo wa asubuhi nzima, na kwao alikuwa mtu wa kwanza kurusha ndege. Wanakijiji wenzake hawakumwita Kahindi tena, walimwita Ndege. Kila alipokwenda bara aliinamisha bawa kidogo akipita juu ya kwao, jambo ambalo halikuwamo katika mpango wa safari.

"Kapteni," nilimwambia siku moja, "bawa lako la kushoto lina ugonjwa gani?"

"Linamwonyesha mama kwamba nimefika hapa salama, Bi Rukia."

"Mpango wa safari hauna mama."

"Basi mwandike."

Sikumwandika. Lakini nilijua kwamba mama yake hutoka uani kila asikiapo injini.

Miaka michache kabla sijastaafu, Bwana Feisal, mtoto wa mwenye kampuni na mkurugenzi wetu, alikuja na saa janja kwa marubani wote. Bwana Feisal ameniita shangazi tangu utotoni, lakini aliponikasirikia niligeuka Bi Rukia. Siku hiyo nilikuwa shangazi. Alifuatana na muuzaji kutoka Nairobi aliyevaa koti katika joto la Malindi, jambo lililonitia shaka kabla hajafungua mdomo. Akatueleza kwamba saa ile husoma mapigo ya moyo na oksijeni iliyomo katika damu ya rubani, humwonyesha njia na kiwanja cha karibu vyombo vya ndege vikimtupa, na hupeleka habari zote kwenye kijisanduku ndani ya ndege kinachozirusha hadi kwenye skrini ofisini. Rubani akiwa mzima, skrini ni ya kijani. Akiwa na kasoro, nyekundu.

Nikauliza ni nani mwingine anayeuona moyo wa rubani wetu zaidi yetu sisi. Akasema habari ziko salama. Nikauliza ziko salama wapi. Akasema mawinguni. Nikamwambia mawinguni ndiko tunakopeleka ndege, na hatujakuta kabati huko. Nikauliza ni nani anayeamua kwamba hii ni kijani na hii ni nyekundu.

"Mfumo ndio unaoamua, mama."

"Mfumo una cheti cha udaktari?"

"Shangazi," akasema Bwana Feisal, "tafadhali usianze."

Nilikuwa nimekwisha kuanza. Jioni nilikisoma kijitabu cha maelezo kwa miwani, na mwishoni, kwa herufi ndogo kama chembe za mchanga, waliandika wenyewe kwamba kifaa kile si chombo cha matibabu. Nikampelekea Bwana Feisal ukurasa huo. Akaniambia kila kitu siku hizi huandikwa hivyo.

Upande wa njia nao haukunipa imani. Katika wiki za mwanzo, Kapteni Kahindi akirudi kutoka Lamu, aliijaribu saa kwa kuiuliza kiwanja cha karibu, kisha akaniita redioni akicheka. "Bi Rukia, saa yasema nitue hapa chini."

"Hapo chini pana nini?"

"Chumvi."

Zamani palikuwa na kiwanja pale. Kilichimbwa mabwawa ya chumvi kabla mtengeneza saa hajazaliwa, lakini ramani yake haikupata habari. Nikaliandika hilo na kumwarifu mkurugenzi. Alisema watarekebisha. Nilipostaafu, kiwanja kilikuwa bado kiko chumvini.

Pamoja na shaka zangu nilijifunza kuisoma ile skrini, maana kazi ni kazi. Nikaona kwamba moyo wa rubani una tabia zake. Hupanda kidogo wakati wa kuruka, hutulia angani, kisha hupanda tena wakati wa kutua, hata kwa rubani mkongwe, hata siku ya shwari. Wa Kapteni Kahindi ulipanda kama mtu apandaye ngazi na kushuka taratibu magurudumu yakishagusa. Niliuzoea, kama mtu anavyozoea mwendo wa jirani yake uchochoroni.

Kisha, baada ya mvua za masika, ukaacha kupanda.

Kwanza niliishuku saa. Siku ile ninayoikumbuka sana, alikuwa akitua katika kiwanja kimoja cha kisiwani, nami nikimsikiliza redioni kupitia kwa mwenzetu wa huko. Punda wawili wakaingia njiani. Nikamsikia Kapteni akipaza sauti, "Toeni hao punda! Napanda tena!" na injini ikinguruma kwa nguvu zake zote. Nikatazama skrini. Kijani. Mapigo yalikuwa ya taratibu, yamepangika vizuri, mapigo ya mtu aliyefunikwa shuka baada ya pilau ya Ijumaa.

Nikajiuliza: ni mwanadamu gani huyu awakwepaye punda huku moyo wake umelala?

Tangu hapo nikaanza kumtazama yeye badala ya skrini. Nikamwona akipanda zile ngazi chache za ofisi yetu na kusimama katikati, ameinama, ati anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Nikaona midomo yake imepauka. Asubuhi moja nikamuuliza amekula nini.

"Mahamri na mbaazi, Bi Rukia."

"Za nani?"

"Za nani tena? Za Mama Kadzo."

Mama Kadzo, auzaye kifungua kinywa nje ya lango la uwanja, hakuwa amefungua siku hiyo. Alikuwa Ganda matangani. Nilitia sahihi, kwa kuwa safari ile ilikuwa ya mizigo mitupu, naye alikuwa na leseni halali, na shaka peke yake si sababu ya kumzuia mtu. Lakini ndege iliporudi nilimwita Karisa.

Karisa ni mpakiaji wetu, mtu mzima wa Mariakani, mwenye mabega ya kubebea friji. Alisafiri na Kapteni kila mara, kwa kuwa viwanja vya visiwani havina wapakiaji, na kiti chake kilikuwa cha nyuma kabisa, karibu na mizigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karisa, ile saa haikuwashi?"

"Hainiwashi mimi, mama, labda yeye na ngozi yake..." Akajirudi. "Saa ipi, mama?"

"Hiyo hiyo."

Akatazama mlango. "Kapteni alisema mkanda wamtoa vipele. Akaniambia tukishapanda ndegeni niwe nauvaa mimi, tukikaribia kushuka ndegeni nimrudishie. Mimi niliona ni heshima."

"Na wewe huko angani wafanya nini?"

"Nalala, mama. Kwani kuna nini cha kufanya?"

Asubuhi iliyofuata palikuwa na safari ya Lamu. Abiria walikuwa jamaa wa arusi, wanawake wengi na watoto, pamoja na masanduku ya bibi harusi. Nikamwita Kapteni Kahindi pembeni, nyuma ya stoo ya vipuri.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Kahindi."

Sikuwahi kumwita bila cheo kazini. Akaketi juu ya gurudumu bovu.

"Saa ndiyo iliyoniambia," akasema. "Tulikuwa juu ya mdomo wa Tana. Ikanitetemekea mkononi, ikaandika kwamba mapigo hayana mpango. Nikadhani ni mbovu, nikazima kijisanduku msije mkaona nyekundu. Tulipotua nikamvisha Karisa, ikasoma safi. Nikairudisha kwangu, ikatetemeka tena. Basi nikajua si saa."

"Ukaenda hospitali?"

"Niende nikafanye nini? Daktari ataandika. Akiandika, leseni imekwenda. Leseni ikienda mimi ni nani, Bi Rukia? Nirudi Ganze nikachome makaa? Mama ana miaka anatoka uani kuniangalia. Nimwambie nini, kwamba sasa wanaopita ni watu wengine?"

"Na hawa wa arusi?"

"Sijawahi kumwangusha mtu."

"Hakuna aliyewahi, Kapteni, kabla ya mara ya kwanza."

Akaniinulia macho, na hapo akanipiga pale panapouma. "Wewe huiamini saa hii. Ulisema mbele ya watu wote. Ulimpelekea Feisal mpaka karatasi yake. Leo imekuwa mtume kwa sababu yanikata mimi?"

"Saa siiamini hata leo," nikamjibu. "Ninayemshuku ni wewe. Mwenye moyo mzima hampi mwenzake amvalie."

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Haukupita muda nikaitwa.

"Bi Rukia," akaanza Bwana Feisal, nami nikajua shangazi hayupo. "Kapteni anasema humtilii sahihi. Mimi nimeangalia safari zake zote. Ni kijani mtindo mmoja."

"Kijani hicho ni cha Karisa."

Karisa akaitwa. Akasimama mbele ya mkurugenzi na Kapteni, akiangalia vidole vyake vya miguu vilivyochungulia kwenye ndara. Bwana Feisal akamuuliza kama aliwahi kuivaa saa. "Sijui, bwana," akasema. Simlaumu. Ana watoto Mariakani, na mimi sikuwa niajiriye. Lakini nataka ijulikane kwamba jibu lile lilitolewa mbele yangu, na kwamba mkurugenzi aliyesikia mtu mzima akisema hajui kama aliwahi kuvaa saa, hakuona haja ya kuuliza swali la pili.

"Basi sahihi nitaitia mimi," akasema. Kanuni za kampuni zilimruhusu. Akaitia.

Ndipo nikakumbuka kwamba mizani ilikuwa bado yangu.

Nikatoka nje, nikayapima masanduku ya bibi harusi moja moja. Nayaweka haya wazi kwa wale wanaosema nilibuni: uzito ulikuwa umezidi kweli. Sijaandika uongo kwenye karatasi ya uzito maishani mwangu, hata kwa nia njema. Katika sanduku moja mlikuwa na vyombo vya udongo vya kutosha kufungua mkahawa. Uzito ukizidi, mratibu ndiye achaguaye kinachobaki, na kwa ada yetu mfanyakazi hubaki kabla ya mzigo wa abiria.

"Karisa," nikaita, "leo wabaki. Lamu kuna wenye arusi, watapakua."

Kapteni alikuwa amekwisha kukaa ndegeni, akiipasha injini moto kama ilivyo desturi. Abiria niliwaweka kibarazani mpaka mizigo ipangwe upya. Wakalalamika, hasa shangazi wa bwana harusi, aliyeniambia kwamba wameona wali ukiiva haraka kuliko mimi. Nikamwambia wali ukiungua hupikwa mwingine. Nikarudi ofisini.

Bwana Feisal alikuwa mbele ya skrini. Skrini ilikuwa ya kijivu, maana saa haikuwa mkononi mwa mtu.

"Mbona haisomi?" akauliza.

"Mwulize aliyenayo."

Akachukua redio mwenyewe. "Kapteni, saa yako haisomi. Hebu ivae vizuri."

Redioni ilisikika injini tu.

"Kapteni Kahindi, vaa saa. Hatuwezi kukuachia bila saa, ni utaratibu."

Utaratibu aliuweka yeye, na siwezi kukana kwamba siku hiyo niliupenda. Kisha mstari wa mapigo ukajitokeza kwenye skrini. Haukupanda kama ngazi, wala haukulala. Uliruka, ukasita, ukaruka mara mbili kwa pupa, ukasita tena, kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Na ndege ilikuwa bado imesimama. Skrini ikawa nyekundu.

Bwana Feisal aliitazama. Kisha, na nayaandika maneno yake kama alivyoyatamka, akasema: "Labda imeharibika."

Kwa miezi yote ile ya kijani hakuna aliyewahi kusema imeharibika. Nilimtazama kijana yule niliyemfahamu tangu akiwa hajui kujifungia vifungo. Nikaichukua redio mkononi mwake.

"Kapteni," nikasema, "moyo wako tunauona. Mkurugenzi yuko hapa, anauona."

Nilingoja. Alikuwa na sahihi ya mkurugenzi, alikuwa na mafuta, na njia ilikuwa wazi mbele yake. Lau angeamua kuondoka, hakuna ambaye angeweza kumfikia.

"Nimesikia," akasema.

Nikaona panga boi likipunguza mwendo hadi mapanga yakaonekana moja moja, kisha likasimama. Alikaa mle ndani muda mrefu na kofia yake magotini. Wanawake wa arusi walipelekwa na rubani mwingine mchana, wakafika, wakala wali wao.

Hospitalini Mombasa walimkuta na ugonjwa wa moyo ambao, alivyoeleza daktari, dawa zingeutuliza lakini zisingemrudisha kwenye usukani peke yake na watu nyuma yake. Leseni ikachukuliwa. Sasa analima mahindi Ganda. Kampuni ikatoa tangazo lenye picha ya saa, likisema teknolojia yake iliokoa maisha. Niliandika barua kulipinga tangazo lile, nami nalipinga tena hapa. Saa ilisema kweli juu ya kila aliyeivaa. Haikujali ni nani. Miezi yote ile ilitushuhudia kwa dhati kwamba Karisa ni mzima. Nyinyi mkikaa mbele ya skrini hiyo, inukeni kwanza mwende mkautazame mkono uliofungwa saa, na mwenye mkono mwulizeni amekula nini, tena mwulizeni ni cha nani.

Kapteni Kahindi huja mjini siku za soko. Tukikutana namtolea salamu kwa jina na kwa cheo, kwa kuwa cheo sikumvua mimi. Hajibu. Hupita na kikapu chake, uso ameupeleka upande wa pili wa barabara, na watu wa Malindi, ambao salamu isiyojibiwa kwao ni jambo zito, huniuliza kama sioni vibaya.

Naona vibaya. Lakini huwa nageuka nimtazame anavyokwenda, kwa hatua za mtu mzima, akibishana na wauza vitunguu. Maiti hanuni.